Mbuzi amemkataa mwanawe

SWALI: Mbuzi wangu wa maziwa amezaa pacha usiku wa kuamkia leo, na ndio uzao wake wa kwanza. Mmoja anamnyonyesha, wa pili anampiga kichwa kila akikaribia. Huyo ana kilo 3, na baridi ya Julai huku kwetu ni kali. Je, nimpe maziwa ya ng'ombe kwa chupa?
Msomaji, Dagoretti

JIBU: Maziwa ya ng'ombe yanafaa, lakini ngoja kwanza. Mtie kidole mdomoni. Ukiwa baridi, mpime joto kwenye njia ya haja kubwa. Kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40. Akiwa chini ya 37 usimnyweshe chochote, maana tumbo halifanyi kazi na hata kumeza kunamshinda. Mkaushe, mfunike, mzungushie chupa za maji moto zilizoviringwa kwa kitambaa. Jiko la makaa lisiingie kwenye banda lililofungwa: hewa yake ya sumu huua mnyama na mtu. Akiwa amelegea hata kichwa hainui, mwite daktari wa mifugo sasa hivi.

Akishapata joto, mpe dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza ya mama aliyezaa. Mwanambuzi huzaliwa bila kinga, na utumbo wake huipokea ile ya dang'a siku ya kwanza tu, tena uwezo huo hupungua kila saa. Mfunge mama umkamue. Kwa kilo 3, mpe mililita 150 kila mlo, milo minne kabla ya saa 24 kuisha. Mama akikosa, dang'a ya ng'ombe aliyezaa leo itafaa. Kitovu kichovye kwenye aidini, dawa ya kuua viini.

Unapokamua, papasa kiwele. Kikiwa kigumu na cha moto, au chuchu ina kidonda, mama anakataa kwa sababu ya maumivu, atibiwe. Kikiwa kizima, mshike mama kichwa ili mtoto anyonye mara tano kwa siku. Wengi wa uzao wa kwanza hukubali baada ya siku chache, na hilo ni bora kuliko chupa yoyote.

Akibaki wa chupa, mpe mililita 450 hadi 600 kwa siku nzima, zigawe mara tano wiki ya kwanza, zikiwa na joto la nyuzi 38 au 39, bila kuongeza maji. Pima uzito kila wiki ndipo uongeze. Usiongeze kwa kuwa analia. Shibe ya kupita kiasi humharisha, na wengine hufa ghafla wakiwa wanono.

Anyonye akiwa amesimama, shingo imeinuka kama yuko chini ya mamaye. Kunyonya hivyo hufunga mfereji unaopeleka maziwa moja kwa moja tumbo la nne kati ya manne ya mbuzi. Ya kumiminiwa mdomoni huangukia tumbo la kwanza na kuchacha. Usimlaze chali kama mtoto mchanga, maziwa yataingia mapafuni. Chupa ikipinduliwa, chuchu idondoshe tone tone, isichuruzike.

Alale na pacha mwenzake. Wiki ya pili mwekee nyasi kavu laini na maji safi. Maziwa yaachishwe karibu na wiki ya 12, akiwa tayari anakula vizuri.