"Majino": mtoto ameliiga wapi neno hili?

Swali: Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Malindi. Mwanangu wa miaka mitatu husema "majino" badala ya "meno", ilhali nyumbani hakuna asemaye hivyo. Chuoni tulifunzwa kwamba mtoto hupata lugha kwa kuiga na kutuzwa. Je, ni kweli?

Jibu: Mwalimu, ulichofunzwa ni msimamo wa B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1957 alieleza usemi kuwa ni tabia kama tabia nyingine: mtoto hutamka "maji", hupewa maji, na kwa kupewa huko huelekea kulitamka tena. Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, alikikosoa kitabu hicho vikali mwaka 1959, akisisitiza kwamba binadamu husema na kuelewa sentensi ambazo hajapata kuzisikia.

Kwa maoni yangu, "majino" ya mwanao yanampinga Skinner waziwazi. Hakuna aliyemwiga. Amesikia jina na majina, jani na majani, akapata kanuni, kisha akaitumia kwa jino, ambalo wingi wake haufuati mkondo huo. Jean Berko, mtafiti wa lugha ya watoto, alilipima jambo hili mwaka 1958 kwa kuwaonyesha watoto picha za viumbe wa kubuni, wenye majina yasiyokuwamo katika Kiingereza, na wengi wao wakayatia wingi ipasavyo. Neno lililobuniwa kwa jaribio hilo haliwezi kuwa lilikwisha kutuzwa. Na tuzo yenyewe haifuati sarufi. Mwanao akilalamika, "Majino yangu yauma," bila shaka utamtazama kinywani kabla ya kufikiria ngeli.

Hata hivyo, haya hayathibitishi kwamba sarufi tunazaliwa nayo, kama Chomsky alivyoshikilia. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Jenny Saffran na wenzake walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi 8, baada ya kusikiliza mfululizo wa silabi kwa dakika 2 tu, walitambua silabi zinazoandamana daima na zile zilizokutana kwa nasibu. Hawakutuzwa, walisikiliza tu, na akili ikafanya hesabu yake. Uimarishaji wa Skinner, yaani kuituza tabia ili irudiwe, nao una mahali pake, hasa katika kumzoesha mtoto mwenye usonji asiyesema aanze kuomba akitakacho, na kazi hiyo naiheshimu sana.

Kwa hiyo usimkemee mwanao wala usimlazimishe kurudia. Mjibu, "Meno yapi yakuuma?" na mazungumzo yaendelee.