Kabla Hujasema Mto Umepungua

Ukipewa jedwali la miaka 40 la mto wa pwani ya Kenya kama Mwache au Sabaki, na mstari wa mtiririko unateremka, usikimbilie kulaumu tabianchi. Kilichobadilika huenda ni mvua, au ardhi, au kipimo chenyewe. Wengi wanaoanza kazi hii huanza na mvua. Anza na kipimo: ndicho kinachodanganya sana, na ndicho rahisi kukagua.

Mtiririko haupimwi kila siku. Kinachosomwa kila siku ni kina cha maji kwenye ubao uliosimikwa mtoni, kisha grafu ya kina na mtiririko hukigeuza kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Grafu hiyo inafaa tu maadamu sakafu ya mto iko kama ilivyokuwa ilipochorwa. Sasa mito yetu ya msimu ina sakafu ya mchanga, na mchanga huo huzolewa kwa malori. Chukua sehemu yenye upana wa mita 15, kina cha nusu mita na kasi ya mita 0.4 kwa sekunde: zinapita mita za ujazo 3 kwa sekunde. Wachimbaji wakishusha sakafu kwa sentimita 20, maji yaleyale yatasomeka sentimita 20 chini ubaoni, na grafu ya zamani itakupa kama 1.3. Zaidi ya nusu ya mto imepotea kwenye karatasi, na mtoni haijapungua hata ndoo moja. Mafuriko yakijaza tope, kosa hugeuka na mto huonekana umeongezeka.

Kwa hiyo tafuta karatasi zote za vipimo halisi vya mtiririko, uzichore kwenye grafu moja, kila muongo na rangi yake. Nukta zikihamia upande mmoja, grafu ya zamani haifai tena. Linganisha pia sifuri ya ubao na alama ya kudumu ya zege ukingoni, kwa sababu mbao hung'olewa na mafuriko zikarudishwa kwa kukadiria tu.

Ukipima mwenyewe, gawa upana wa mto vipande 20 au zaidi, kila kimoja kisibebe zaidi ya asilimia 10 ya maji. Penye kina kisichofika sentimita 75, pima kasi kwenye 0.6 ya kina kutoka juu. Penye kina zaidi, pima kwenye 0.2 na 0.8, utafute wastani. Huna mashine? Tupa machungwa, uhesabu muda wa kwenda mita 20 zilizonyooka, urudie mara kumi, kisha uzidishe kasi kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

Karibu na hori za Tudor na Port Reitz, mikono ya bahari inayoingia bara huko Mombasa, kuna mtego wa watu wa pwani. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu ya bahari, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 3.5, na ubao wa mto uliokauka unaweza kuonyesha maji mengi. Kina kikipanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila siku kikichelewa kama dakika 50, unapima bahari.

Angalia pia mapengo. Mto wa msimu una siku za sifuri za kweli, na una siku ambazo msomaji hakufika. Mtu akijaza zote kwa 0, ukame unatengenezwa ofisini. Na usichague mwaka wa kuanzia ovyo: ukianza na mafuriko ya 1961 na kuishia na ukame wa 1984, mto wowote utaonekana unakufa.

Kipimo kikishapita ukaguzi, ndipo utenganishe mvua na ardhi. Jumlisha mvua mwaka hadi mwaka, jumlisha mtiririko vivyo hivyo, kisha chora moja dhidi ya nyingine. Mstari ukipinda mahali fulani, uliza kilichotokea bondeni miaka hiyo: ukataji miti ya makaa, mashamba mapya, mabwawa. Ila usitegemee jumla ya mwaka peke yake. Ardhi ikibaki uchi, mvua haizami. Mafuriko hukua, maji ya kiangazi hupungua, na jumla inaweza isibadilike kabisa. Tazama kilele cha mwaka na siku saba za maji machache zaidi.

Mandhari nayo yana tabia zake. Chemchemi ya Mzima hutokana na mvua iliyozama kwenye miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu, hivyo huchelewa kuonyesha mabadiliko. Mwache huitikia mvua ndani ya saa chache. Asomaye ubao asubuhi na jioni tu atakosa kilele. Sabaki ni mgumu zaidi. Nairobi huvuta maji kutoka mito ya bonde la Tana, na majitaka yake huishia Athi, ambao ndio Sabaki wa huku chini. Maji yake ya kiangazi hayaelezwi na mvua pekee.

Kwa miaka ya kabla ya mbao za kupimia, kuna ushahidi wa udongo. Matumbawe ya Malindi, yenye kumbukumbu ya takriban miaka 300, yanaonyesha udongo wa Sabaki ukiongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Mwache, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope lililofukia mizizi ya mikoko hadi ikafa. Ushahidi huo utumie kusema udongo umeongezeka. Wingi wa maji usiukisie kutoka humo, kwa sababu mvua chache kali juu ya ardhi tupu hubeba udongo mwingi kuliko msimu mzima wa mvua za polepole.