Bafu ambamo mzee anaoga peke yake na mtoto haogi peke yake

Nyumbani kwetu Kadutu, hapa Bukavu, tunaishi na mama mkwe wangu, aliyepita miaka sabini, pamoja na watoto wadogo. Bafu ni moja kwa wote, na mahitaji yao yanapingana. Mzee anataka kuingia peke yake na kufunga mlango. Mtoto hafai kuachwa humo hata kidogo. Anayetengeneza bafu la nyumba sharti awafikirie wote wawili.

Nianze na mzee, maana ndiye husahaulika. Kwa heshima zetu, mama mkwe haogeshwi na mkaza mwana isipokuwa amezidiwa kabisa, na mwanawe wa kiume haingii humo. Kwa hiyo wazee wengi wakiogopa kuteleza hawasemi. Wanapunguza kuoga, au jioni wanaacha kunywa maji ili wasiamke usiku. Ukiona dalili hizo, usimwambie tu "Mama, uwe mwangalifu." Mpatie pa kushika.

Kishikio kizuri ni bomba la chuma lenye unene unaoenea kiganjani. Mwambie mzee asimame wima, amevaa malapa yake, mikono ikining'inia: mahali kifundo cha mkono kinapofikia ndipo pa kulifunga. Kwa watu wengi inakuwa kati ya sentimita 80 na 90 kutoka chini. Weka moja kwenye kizingiti, jingine karibu na anapokaa kuoga, na la tatu kando ya choo. Kwenye ukuta wa matofali, fundi atoboe, aingize bolti, ajaze simenti, na mtu asilishike mpaka ikauke sawasawa. Kama bafu lenu ni la mbao, kama yalivyo mengi huku kwetu mlimani, msipigilie bomba kwenye ubao. Ubao utang'oka siku ile ile mzee atakapoutegemea. Chimbieni nguzo ardhini, bomba lifungwe kwenye nguzo. Kisha mwanaume mzito wa nyumbani alivute kwa uzito wake wote kabla mama hajaligusa. Na ile kamba ya kuanikia taulo iondoeni, kwa sababu anayeteleza hushika chochote kilicho karibu.

Sakafu sasa. Tunapenda simenti iliyolainishwa mpaka ing'ae. Sebuleni inapendeza, lakini bafuni ni hatari. Mwambieni fundi avute ufagio juu ya simenti ikiwa bado mbichi, mistari ikate njia ya kupitia, na sakafu ishuke kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kama ni laini tayari, itobolewe-tobolewe kwa nyundo na patasi, kisha ipigwe tabaka jipya lenye mikwaruzo. Hata hivyo mtaisugua kwa brashi mara kwa mara, maana povu la sabuni na ukungu wa kijani vinatelezesha hata sakafu ya mikwaruzo. Msisahau njia ya nje. Mvua zetu huanza Septemba na kwisha Mei, na udongo wetu wa mfinyanzi hausamehe mguu wa mzee. Kokoto na vidato vifupi vya mawe vinasaidia sana.

Mzee aoge amekaa. Kiti cha plastiki hutanua miguu kwenye maji, kwa hiyo seremala atengeneze kigoda kipana chenye vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu. Basini liwekwe juu ya matofali, lifike magotini, asilazimike kuinama. Mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani mwili wake unauzuia usifunguke. Komeo liwe la aina inayoweza kuinuliwa kutoka nje kwa kisu. Usiku, umeme wa SNEL ukikatika, taa ya jua iwe tayari kwenye msumari kando ya kitanda. Anayekunywa dawa za presha akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, maana presha inaweza kushuka ghafla na kumletea kizunguzungu.

Kwa mtoto, adui mkubwa ni maji tunayohifadhi. Bomba la REGIDESO likikauka tunajaza mapipa, bidoni na mabasini, na bafu linageuka ghala la maji. Sentimita 5 tu zinatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kutembea: kichwa chake ni kizito, anaingia nacho mbele, hawezi kujiinua, na hapigi kelele. Pipa lifunikwe kwa kifuniko kizito. Ndoo isiyotumika imwagwe na kupinduliwa. Sabuni, taulo na nguo ziletwe kabla ya kuanza kuoga. Simu ikilia, ondoka na mtoto mkononi au iache ilie. Dada yake wa miaka sita si mlinzi.

Asubuhi zetu ni za baridi, kwa hiyo tunachemsha maji. Tangulizeni maji baridi kwenye basini, kisha moto, kisha mama apime kwa kiwiko. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto au ya mzee huwahi zaidi. Mwenye kisukari anaweza asihisi moto miguuni hata kidogo. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno wala mafuta. Mbabula, yaani jiko la makaa, isiingizwe bafuni kupasha joto: moshi wa makala una gesi isiyo na harufu inayoua. Na chuma cha umeme cha kuchemshia maji kichomolewe kabla mkono haujagusa ndoo.

Javel, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na soda kali ya kutengenezea sabuni zisikae kamwe kwenye chupa ya juisi. Javel isichanganywe na dawa za choo zenye asidi, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu. Mtoto akinywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitalini pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue alichokunywa.

Pesa ikitosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunueni bomba la kishikio, na mumuulize mzee mwenyewe lifungwe wapi kwanza. Ndoo za maji mnaweza kuzimwaga leo bila kulipa hata franga moja.