Mnaoanza masta ya menejimenti, shikeni takwimu kabla ya SPSS

Nyinyi mnaoanza masta ya biashara ama menejimenti hapa Nairobi, nisikizeni kidogo kabla hamjafika kwa propozo. Nimekaa na wanafunzi wengi na data zao na shida huwa si SPSS, ile programu ya kompyuta ya kuchambua data, hiyo unaeza fundishwa wikendi moja. Shida ni mtu kufika sura ya nne, ile ya matokeo, na majedwali mengi na hajui hata moja linasema nini.

Chukua wastani tu. Ofisi iko na watu kumi, tisa wanalipwa 25,000 kwa mwezi na meneja 250,000, wastani unakuja 47,500 na hakuna hata mmoja pale anapata hiyo pesa. Mediani, yaani namba ya katikati ukipanga mishahara kutoka mdogo hadi mkubwa, ni 25,000. Ukiandika kwa ripoti ati wafanyakazi wanapata 47,500 umepotosha bodi na hesabu yako iko sawa kabisa. Ndio maana nasema chora data yako kwanza, iangalie. Mwanatakwimu Francis Anscombe alionyesha hii kitu 1973, seti nne za data, wastani sawa, korelesheni (kipimo cha vile vitu viwili vinaenda pamoja) sawa ya 0.82 hivi, lakini ukizichora moja imepinda na ingine ni pointi moja tu inavuta kila kitu.

Halafu hii fomula ya Yamane, ya kutafuta ni watu wangapi wa kuhoji, yenye mnapenda kunakili. Kampuni ina watu 200, unaweka kosa la 0.05 (asilimia 5 juu ama chini), unapata 133, basi umemaliza. Lakini hiyo 133 ni ya kukadiria asilimia, na ni kama umechagua watu kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Ukiacha hojaji kwa mtu wa HR agawie wenye anajuana nao na zirudi 80, fomula haikusaidii, juu wale walionyamaza wanaeza kuwa ndio wenye kinyongo na kazi na wewe hutawahi jua.

Kwa difensi, pale unatetea utafiti wako mbele ya maprofesa, ndio mambo hutokea. Mtu anasoma "p ni 0.03 kwa hivyo mafunzo yanaongeza utendaji", profesa anauliza, 0.03 ni uwezekano wa nini? Kimya. Jibu ni hivi: kama mafunzo na utendaji havina uhusiano wowote, data ya kuonyesha uhusiano mkubwa hivi ama zaidi ingetokea kama mara 3 kwa 100. Haisemi uko na uhakika wa asilimia 97. Haisemi uhusiano ni mkubwa. Na haisemi gani imeleta gani, kampuni yenye inafanya vizuri si ndio iko na pesa ya kupeleka watu training? Chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa taarifa 2016 kuonya watu juu ya haya haya. Tena kama ni mtu mmoja amejaza maswali ya mafunzo na ya utendaji kwa hojaji moja, vile alikuwa anajiskia hiyo siku imeingia pande zote mbili.

Sasa mkiwa bado muhula wa kwanza, chukueni Economic Survey ya KNBS (shirika la takwimu la Kenya), hutoka kila mwaka, chagua jedwali moja utafute wastani, mediani na vile namba zimetawanyika, kwa karatasi na kalkuleta. Na kama umeamua kulipa mtu akufanyie uchambuzi, kaa kando yake akifanya, muulize kila jedwali ni la nini, akishindwa kukueleza tafuta mwingine.