Kwa wanaoanza kazi kwenye dawati la siasa

Jambo moja litakuchosha mapema: wachanganuzi wale wale huitwa studioni kila jioni, na swali ni lile lile, "Hili lina maana gani kwa uchaguzi wa 2027?" Siasa yetu ya Kenya inatangazwa kama mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Usiige.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kuanzia shilingi 5,000 hadi 100,000. Yote yalikuwa wazi mswadani. Mijadala mingi niliyosikiliza wakati huo ilihusu nani anamhujumu nani serikalini, na vijana walipoingia barabarani tukaulizana nani anawafadhili. Ilhali wao walikuwa wameshausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu. Kodi ya mkate na ya magari iliondolewa Juni 18. Juni 26 Rais Ruto akakataa kuutia saini mswada wenyewe.

Ushuru wa nyumba, yaani asilimia 1.5 ya mshahara iliyokatwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, unafunza zaidi. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilipoubatilisha, studioni ilikuwa ni nani kashinda, nani kaaibika. Wachache sana walisoma sababu: ushuru haukuwa na msingi kamili wa kisheria, na uliwabagua wenye ajira rasmi kwa kuwatoza wao peke yao. Hizo ni kasoro ambazo Bunge lingeweza kuziba, na likaziba: Machi 2024 sheria mpya ikatiwa saini, asilimia 1.5 ikarudi, safari hii na wa jua kali wakiwemo. Aliyesoma hukumu hakushangaa.

Kwa hivyo mgeni wako akiketi, muulize kifungu gani. Akisema "wananchi wamechoka," muulize wa wapi, na wamechoka na nini hasa. Wengine watakasirika (wengi, kusema kweli, wamepigiwa simu saa moja kabla ya kipindi). Mhariri naye atalalamika kwamba stori haina moto. Weka kwenye sentensi ya kwanza shilingi zinazokatwa kwenye mshahara wa msomaji.

Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, miswada kwenye ya Bunge. Mswada wa Fedha hufikishwa bungeni kabla ya Aprili kwisha na hupitishwa Juni. Mei yote ni yako.