Kunyamaziana ndiko kunakowamaliza

Dada, umesema hulali kwa kuwaza pesa, unawafokea watoto unga ukiisha, na mumeo akirudi jioni mnanyamaziana. Kwanza acha kujilaumu. Julai 2023 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita ya petroli Nairobi ilikuwa imepita shilingi 200. Hilo halikuletwa na wewe kutojua kupanga bajeti.

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni hicho kimya. Watoto wakishalala, kaeni na karatasi: kodi ya nyumba, karo, deni la mama mboga, na ile mikopo ya simu ambayo pengine kila mmoja anamficha mwenzake. Mtagombana kidogo, sawa. Lakini deni lililoandikwa halitishi kama lile linalokuzunguka kichwani saa nane usiku. (Saa hiyo usikope, tafadhali.)

Kwenye chama chenu cha kuchangiana pesa kwa zamu, omba wakubadilishie zamu kabla hujakosa mchango. Watoto waambie tu, “Mkate hatununui mwezi huu, sijawakasirikia.” Usingizi ukigoma wiki mbili hivi, piga 1199, namba ya ushauri nasaha ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ni bure.