Mashine kuukuu za mbao: anza na swichi, rangi itangoja

Nikiingia karakana za pamoja hapa Lubumbashi, mara nyingi nakuta mashine imepakwa rangi ya kijani mpaka inang'aa, jina la chama limeandikwa ubavuni kwa brashi, halafu swichi yake ni ile ya ukutani ya kuwashia taa ya sebuleni. Sina ugomvi na rangi. Lakini mashine ya mtu mmoja na mashine ya watu wengi ni vitu viwili tofauti. Ya kwako peke yako unaijua tabia yake, unajua inapogoma na usiposimama. Ya pamoja itashikwa na kijana aliyeanza ufundi juzi, tena siku ambayo wewe umekwenda msibani. Basi nikifufua mashine ya karakana ya pamoja, namfikiria huyo kijana kwanza, na kazi yote inamfuata yeye.

Chuma cha zamani hakitupungukii. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 pamoja na shaba na reli, na kote huko, migodini, kwenye reli na misheni, kulihitajika maseremala. Wamisionari Wasalesiani walifika mwaka 1911 na kufundisha vijana kazi za mikono. Ndiyo maana kwa wale wanaopima chuma chakavu kwa kilo, katika mitaa yetu ya Kenya au Katuba, siku moja utakuta mashine ya Guilliet ya Auxerre, Ufaransa, imelala chini ya mabati, inangoja kuvunjwa nyundo. Nyingine huingia kwa njia ya Kasumbalesa kutoka Zambia. Hizo ni za Kiingereza, kama Wadkin ya Leicester, na zina mambo yake nitakayoyagusa hapo chini.

Muuzaji atakuambia, "Iko natembea muzuri, papa, unaweka tu kuran," yaani umeme. Usibishane naye. Omba kitambaa, mafuta ya taa na kipande cha chaki. Mwili wa mashine hizi ni fonti, chuma kile cha kumiminwa, ambacho hakipindi bali hupasuka, na ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi na grisi miaka mingi. Safisha sehemu unayoishuku, paka mafuta ya taa, ngoja kidogo, kausha kabisa kwa kitambaa, kisha sugua unga wa chaki juu yake. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatarudi nje taratibu na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya weupe wa chaki. Angalia hasa kwenye miguu, kwenye mikono inayobeba meza, na pale beringi zinapokaa. Gonga pia kwa nyundo ndogo: fonti nzima inalia, iliyopasuka inatoa sauti ya bubu.

Ufa wa mguuni unaweza kufungwa kwa bamba na boliti. Ufa wa kikalio cha beringi mimi siununui hata kwa bei ya kilo. Watakuambia fundi fulani anachomelea fonti. Kweli, inachomelewa, lakini inataka elektrodi za nikeli, kupashwa moto kabla na kupozwa polepole baada ya kazi. Ikiharakishwa, inapasuka upya pembeni ya kile kile kiungo. Na sehemu hiyo ndiyo inayoshika shafti inayozunguka zaidi ya mara elfu nne kwa dakika mbele ya tumbo la mtu.

Meza ipime kwa rula ya chuma iliyonyooka na karatasi ya kawaida ya ofisi, ile ya gramu 80, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Weka rula kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, ujaribu kupitisha karatasi chini yake. Ikipita moja kwa shida, usihangaike, ubao wa mulombwa hautajua tofauti. Zikipita nne au tano katikati, jua kwamba meza inataka kusagwa upya, na gharama hiyo iingie kwenye bei kabla hujatoa hela.

Kutu, kinyume na wanavyodhani wengi, hainitishi. Ile ya juu juu inaondoka kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Vipande vidogo vilivyoliwa sana navitia kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi ya kufulia, naunganisha chaja ya betri ya gari, hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye bati la chuma la kawaida, visigusane. Mpaka kesho yake kutu imelegea, inafutika kwa kitambaa. Kazi hiyo ifanyike nje, bila sigara, maana maji hayo hutoa hidrojeni. Na upande wa chanya usiweke kamwe chuma kisichoshika kutu, kwa sababu maji yatageuka sumu. Rangi ya zamani nayo usiisugue kavu kwa msasa, nyingi ina madini ya risasi ndani. Lowesha kwanza, au iache tu ilipo. Mimi huwa naiacha.

Sasa zile za Kiingereza. Boliti zake za zamani ni za inchi, na hesi zake ni za Whitworth, mfumo wa zamani wa Kiingereza. Boliti ya milimita 12 inaingia kwenye tundu la nusu inchi kama iko kwao, maana nusu inchi ni milimita 12.7. Inazunguka vizuri, unafurahi, unakaza, na hapo inakula meno ya fonti. Tundu limekwisha. Kwa hiyo boliti zote za mashine kama hiyo zihifadhi, hata zilizochakaa, umpelekee fundi wa tono, ile mashine ya kuchongea chuma, azitumie kama mfano.

Beringi, au rulema kama wanavyosema mafundi wetu, hazina siri. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04 kwenda juu, zidishe kwa tano upate kipenyo cha shafti: 6205 ni milimita 25, 6206 ni milimita 30. Kwa kazi ya mbao chagua zenye mpira pande zote mbili, zinazoandikwa 2RS, kwa sababu vumbi la mbao linapenya popote. Ukiingiza mpya kwenye shafti, sukuma pete ya ndani tu. Ukigonga ya nje, gololi zinaacha alama kwenye njia yake na mlio unaanza wiki hiyo hiyo. Mjini kuna za bandia zenye maandishi mazuri kuliko za kweli. Nenda na ile ya zamani mfukoni, uzungushe mpya sikioni, na bei ikikushangaza kwa urahisi, irudishe juu ya meza.

Kwenye mota, soma kibao kabla hujagusa waya. Kikiandika 220/380 na umeme wako ni fazi tatu za 380, unaunganisha nyota. Kikiandika 380/660, pembetatu. Ukiweka ile ya kwanza pembetatu, kila koili inapokea 380 mahali pa 220, na harufu utaisikia ukiwa barabarani. Mota iliyolala masika yote ipimwe kwa megomita ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja. Ikisoma chini ya megaomu moja, ikaushwe kwanza. Sanduku la mbao na taa ya nyuzi ndani yake vinatosha. Kama karakana ina fazi moja tu, kapasita itazungusha mota, lakini nguvu inapungua karibu theluthi na kuanza kwake ni kwa kigugumizi. Variateri, kile kisanduku kinachotengeneza fazi tatu kutoka moja, ni ghali zaidi, na chama kikiweza kungoja zamu moja zaidi ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ningesema kingoje.

Nije kwenye swichi. Umeme umekatika saa nne asubuhi. Mashine inasimama yenyewe, hakuna aliyeizima. Kijana anaona maranda yamejaa chini ya visu, anaingiza mkono kuyatoa. Umeme unarudi. Kwenye swichi ya taa, mashine inaamka hapo hapo.

Dawa yake ni kontakta, yaani swichi ya sumaku, yenye kujishikilia. Ukibonyeza kitufe cha kijani, koili inavuta, na mguso mdogo wa pembeni unaendelea kuilisha koili hata ukiachia kidole. Umeme ukienda, koili inaachia. Ukirudi, hakuna kinachozunguka mpaka mtu abonyeze tena kwa hiari yake. Ongeza rele ya joto iliyowekwa kwenye amperi zilizoandikwa juu ya kibao cha mota, kwa sababu kwetu fazi moja hupotea peke yake: mota inanguruma, inavuta umeme mwingi kwenye mbili zilizobaki, na bila rele inaungua huku mafundi wanajadiliana sauti hiyo ni ya nini. Kitufe chekundu cha kuzimia kiwe kikubwa, kwenye urefu wa paja, ili mtu mwenye ubao mikononi akisukume kwa mguu au kiuno. Vyote hivi vinanunuliwa hapa hapa mjini, na bei yake haifiki ya rangi nzuri na msasa wake.

Mwendo ukague kwa hesabu. Mota ya mizunguko 2880 yenye puli ya milimita 150, ikizungusha puli ya 90, inatoa 4800. Msumeno wa duara umeandikwa juu yake mwendo wa mwisho unaoruhusiwa. Kama hesabu inaupita, badilisha puli, usibishane na diski. Visu vya randa vibadilishwe vyote pamoja na vipimwe uzito kwenye mizani ndogo, kisiwepo kizito kuliko mwenzake. Nyuma ya msumeno lazima kuwe na kisu cha kutenganisha, ubao usije ukaufumba na kurushwa kwa anayesukuma. Wazee wengi wamekitoa kwa sababu kinawasumbua. Mkirudishe.

Kuhusu fedha nitasema moja tu: amueni kabla ya siku ya kwanza nani analipa msumari ukikutana na visu. Kwetu analipa aliyeleta ubao, hata kama ni mwenyekiti, na sumaku ya kukagulia mbao za kuvunjwa inaning'inia mlangoni.

Jambo moja sijalimaliza. Tuna mashine ya kunyooshea uso wa ubao, meza yake nzuri kabisa, lakini kichwa chake cha visu ni cha mraba, kile cha zamani. Kichwa cha duara kinaacha mwanya mdogo, mkono ukiteleza unapoteza ngozi au ncha ya kidole. Cha mraba kinaacha shimo linalovuta mkono mzima. Tumeitoa mkanda na haitaunganishwa hivyo. Kukichonga kipya kwenye tono bila kifaa cha kusawazishia uzito sikubali. Kwa hiyo, wasomaji wa Likasi na Kolwezi, kama mnajua karakana yenye kichwa cha duara cha urefu wa sentimita 40 kinachokaa bure, chenye visu au bila visu, niandikieni hapa chini pamoja na kipenyo cha shafti.